Kidole cha Tatu

Aliingia mvua ikianza, saa tisa alasiri, kama kawaida ya Manaus,
simu ameiviringisha ndani ya mfuko wa mkate.
"Francinete, nifutie kila kitu."
Jina langu alilisoma kwenye kibao.
Lake hakulitaja mpaka nilipotaka kuandika risiti.
Jucilene.

Mimi si mtu wa kufuta haraka.
Kufuta ni kubonyeza mara tatu tu, na watu
hurudi kesho yake wakililia picha ya mtoto.
Nikamuuliza: imekuwa nzito? Imeingia maji?
"Inajua nilipo."
Simu zote zinajua, nikamwambia.
"Naye anajua."

Deusimar, jirani yangu muuza makava,
alipunguza redio, kisha akaona haya, akaiongeza.

Nikafungua mipangilio, nikaingia usalama,
nikafika kwenye alama za vidole.
Orodha fupi, kama ya wadeni wa duka dogo:
Kidole 1. Kidole 2. Kidole 3.
"Uliandikisha vingapi?"
"Viwili. Gumba la kulia, na la kushoto
kwa siku ambazo mkono huu una unga."

Simu ya aina hii ina adabu moja: ukiigusa,
mstari wa kidole chako unawaka.
Gumba la kulia, ukawaka wa kwanza.
La kushoto, wa pili.
Akaendelea bila kuambiwa: cha shahada, cha kati, cha pete,
mkono huu, kisha ule, vyote kumi,
taratibu, kama anayehesabu watoto baada ya mafuriko.
Mstari wa tatu haukuwaka.

Hakulia.
"Nambari yangu ya siri ni siku tuliyofunga ndoa," alisema.
Kisha: "Na mimi hulala fofofo."

Miaka tisa nilikuwa kule kwenye viwanda, zamu ya usiku,
nikipima vitambuzi kwa kidole cha mpira.
Bonyeza. Taa. Sukuma mbele. Bonyeza.
Glovu tulibadilisha kila baada ya saa mbili
ili hata jasho letu lisisafiri na bidhaa.
Spiriti ilizila alama zangu; hadi leo
simu yangu mwenyewe hunikana mara nne kabla ya kunifungulia.
Kwa hiyo wanaposema "irudishwe kama ilivyotoka kiwandani"
wengine husikia utupu. Mimi nawaona
wanawake mia mbili wenye barakoa
wakipokezana kitu
ambacho bado hakimjui mtu.

Tulianza na kidole. *Una uhakika?* simu iliuliza.
Nikamwachia abonyeze mwenyewe.
Kisha akaunti: kifaa kingine kilikuwa ndani,
simu ya Edvan, *inatumika sasa hivi*.
Hayo maneno mawili ya mwisho aliyasoma kwa sauti.
Ondoa.
Picha za mama yake tukazihamishia kadi ndogo kama ukucha,
akaificha mahali ambapo sikutazama.

"Atajua," alisema.
Atajua mlango umefungwa, nikamjibu.
Hatajua uko upande gani.

Dada yake alikuwa anamngoja kituoni,
basi la usiku la Boa Vista. Tulikuwa na muda.
Simu ikazima, ikakaa giza dakika saba.
Deusimar alituletea kahawa, hakuuliza kitu.
Ikawaka nyeupe, ikamkaribisha kama mgeni,
ikamuuliza anasema lugha gani.

Ilipofika pa kuweka nambari mpya nikamgeuzia kisogo,
nikatazama turubai likibeba maji mpaka likafura.
Usiweke siku ya kuzaliwa, nilisema. Wala ya mtoto.
Wala ya chochote ulichowahi kukipenda mbele za watu.

Alinyamaza muda mrefu. Nilidhani ameondoka.
Kisha nikasikia ukucha ukigonga kioo, mara sita.
Na kwa kuthibitisha, kama simu inavyotaka,
mara sita tena.